MGUU ULIOVIMBA: Historia ya kiharusi kwa mgonjwa wa saratani (sehemu 7)

SEHEMU YA 1: Mama wa Sengerema

Wiki nzima nimeulizwa swali moja: "Sista, mgonjwa wetu ana saratani ya tumbo, mbona amepata kiharusi? Vinahusiana nini?" Leo najibu. Jibu ni refu na lina historia ndani yake, kwa hiyo tafuta chai ukae.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa mwaka wa pili kazini, katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Tulikuwa na mama mmoja wa upande wa Sengerema, umri kama wa mama yangu mzazi, mwenye saratani ya shingo ya kizazi. Alikuwa anaongezwa damu, nguvu zirudi kidogo, halafu asafiri kwenda Dar es Salaam kwa mionzi, maana miaka ile mionzi ilikuwa huko tu. Asubuhi moja nampima presha akaniambia, "Sista, huu mguu wa kushoto umekuwa mzito tangu juzi."

Nikautazama. Umevimba kuanzia pajani, unang'aa, ukiugusa una joto. Mguu wa kulia mwembamba kama kawaida. Nikamwambia, "Pole mayu, ngoja tuuinue kwenye mto." Nikaandika kwenye faili: mguu wa kushoto umevimba. Basi. Daktari sikumwita. Kichwani mwangu niliona mgonjwa wa saratani kuvimba ni jambo la kawaida.

Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, binti yake akanijia mbio: "Dada, mama haongei." Nikakuta mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umelala kitandani kama si wake, macho yanatutazama na anaelewa kila kitu.

Kufika saa nne ndugu walishafanya kikao nje, chini ya mti. Wakasema saratani tunaijua ni ya hospitali, lakini hili la mdomo limetumwa na mtu, na huyo mtu tunamjua. Mchana wakasaini karatasi ya kumtoa kwa hiari yao, wakampakia kwenye teksi kuelekea kivukoni. Sikumwona tena. Na huyo "mtu" waliyemtaja, kumbe alikuwa mke mwenza, sijui aliishije kijijini baada ya hapo.

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba kitu nilichokiona asubuhi ile, mguu mmoja uliovimba kwa mgonjwa wa saratani, kilishaelezwa na daktari huko Paris mwaka 1865. Zaidi ya karne nzima imepita, na habari ilikuwa haijanifikia mimi niliyeshika faili. Ndiyo maana naandika.

SEHEMU YA 2: Daktari aliyejisoma mwenyewe

Huyo daktari aliitwa Armand Trousseau. Alikuwa bingwa mkubwa wa enzi zake, akifundisha wanafunzi kando ya vitanda vya wagonjwa katika hospitali ya Hôtel-Dieu. Katika mhadhara wake uliochapishwa 1865 alieleza jambo ambalo wengine walikuwa wanalipita tu. Kuna wagonjwa ambao mguu unavimba, unakuwa mweupe, unauma, kwa sababu damu imeganda ndani ya mshipa. Ugonjwa huo ulijulikana zaidi kwa kina mama waliotoka kujifungua. Lakini Trousseau aliona unawapata pia watu wa aina nyingine: wenye saratani, hasa saratani iliyojificha tumboni.

Akafika mbali zaidi. Akasema ukimkuta mtu ana tatizo la tumbo lisiloeleweka, unajiuliza ni saratani au siyo, halafu damu ikaganda kwenye mguu au mkono bila sababu ya wazi, basi usiendelee kujiuliza. Kwake mguu ulikuwa unatoa taarifa ya kitu kilichoko mahali pengine kabisa.

Januari 1867 Trousseau akaiona dalili hiyo kwenye mwili wake mwenyewe. Alikuwa tayari anasumbuliwa na tumbo. Hakuhitaji mtu wa kumtafsiria. Alimwambia mwanafunzi wake kwamba kwake mambo yamekwisha. Alifariki Juni mwaka huohuo, kwa saratani ya tumboni. Mpaka leo hali ya damu kuganda ovyo kwa sababu ya saratani inaitwa kwa jina lake.

Nataka uelewe kitu kimoja hapa. Trousseau hakuwa na maabara kama zetu, wala picha za ndani ya mwili. Alikuwa na macho, mikono, na tabia ya kuuliza "kwa nini mguu mmoja tu?" Hicho ndicho nilichokosa mimi. Vifaa vya kuuona mguu nilikuwa navyo. Swali ndilo sikuwa nalo.

SEHEMU YA 3: Mambo matatu, na basi la kwenda Dar

Miaka ileile, Ujerumani kulikuwa na Rudolf Virchow. Huyu alipasua maiti nyingi na kuonyesha kwamba donge la damu linaweza kuzaliwa sehemu moja ya mwili, likakatika, likasafiri na mkondo wa damu mpaka likakwama mbali. Maandishi yake makubwa kuhusu hili yalitoka 1856. Waliokuja baada yake wakayapanga mafundisho hayo kwenye mambo matatu ambayo kila mwanafunzi wa uuguzi anayakariri: damu ikitembea polepole, ukuta wa mshipa ukiumia, au damu yenyewe ikibadilika tabia, itaganda.

Sasa mchukue mgonjwa wetu wa saratani wa Mwanza umpitishe kwenye hayo matatu.

Damu kutembea polepole: analala kutwa, hana nguvu, uvimbe wa nyongani unabana mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni. Ukuta wa mshipa kuumia: sindano za kila siku, dawa kali za saratani, mionzi. Damu kubadilika tabia: hili ndilo kubwa, nalifikia sehemu inayofuata.

Ongeza safari. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kwa miongo mingi mgonjwa wa huku aliyehitaji mionzi alielekea mashariki, kwa treni au baadaye kwa basi, zaidi ya kilomita 1,100 mpaka Dar es Salaam. Kule alikwenda Ocean Road, kwenye majengo ambayo Wajerumani waliyakamilisha 1897 kama hospitali yao, na ambayo 1996 yakawa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road. Kwa miaka mingi hapo ndipo palikuwa mahali pekee pa mionzi nchini.

Hebu fikiria: mtu mwenye saratani, damu pungufu, mguu unaanza kuwa mzito, anakaa kwenye kiti cha basi kuanzia alfajiri mpaka usiku, hanywi maji kwa kuogopa kuomba basi lisimame akajisaidie porini. Kila kilomita inamsogeza kwenye matibabu, na kila saa ya kukaa bila kunywa inaisogeza damu yake kwenye kuganda. Wangapi walishuka Ubungo mguu umevimba, ndugu wakasema ni uchovu wa safari? Hao hakuna aliyewahesabu.

Siku hizi Bugando, hospitali ya kilimani iliyofunguliwa 1971, inatibu saratani na kutoa mionzi hapahapa. Watu huipima faida hiyo kwa nauli. Mimi naipima pia kwa masaa ya kukaa kwenye kiti.

SEHEMU YA 4: Kutoka kwenye damu mpaka kwenye ubongo

Hapa utaniuliza: mguu na ubongo wapi na wapi? Swali zuri. Nisikudanganye: donge la mguuni kwa kawaida haliendi kichwani. Linapanda mpaka moyoni upande wa kulia, kisha mapafuni, na huko linaweza kuua mtu ghafla. Lakini wapo watu ambao tundu dogo la katikati ya moyo, lile la mtoto akiwa tumboni, halikujifunga vizuri. Ni takriban mtu 1 kati ya 4. Kwao donge linaweza kupenya upande wa kushoto na kwenda juu mpaka kwenye ubongo.

Kwa wengine mguu ni barua tu. Unakuambia damu yote imeshabadilika, na kama inaganda mguuni inaweza kuganda kokote.

Kwa nini inabadilika? Chembe za saratani zinamwaga kwenye damu vitu vinavyouamsha mfumo wa kugandisha, mfumo uleule unaoziba kidonda ukijikata kisu. Tofauti ni kwamba hapa hakuna kidonda cha kuziba. Chembe sahani zinaongezeka na kunata. Vijidonge vinaweza kuota kwenye milango ya moyo, vikakatika kimoja kimoja kwenda kichwani. Ndiyo maana picha ya ubongo ya mgonjwa wa saratani wakati mwingine inaonyesha madoa sehemu tatu nne tofauti kwa mpigo. Saratani za kongosho, mapafu, tumbo na ovari zinasifika zaidi kwa vurugu hii.

Hiyo ni njia ya kuziba. Ipo na njia ya kupasuka. Saratani ya damu, au dawa za saratani, zikishusha sana chembe sahani, damu inavuja ndani ya ubongo. Na ipo ya tatu inayofanana na kiharusi lakini siyo: saratani yenyewe imehamia kwenye ubongo na kuota huko.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua ukubwa wa tatizo. Mwaka 1985 madaktari wa Memorial Sloan-Kettering, New York, walitoa hesabu ya maiti 3,426 za wagonjwa wa saratani walizozichunguza. Watu 500, yaani asilimia 14.6, walikuwa na ugonjwa wa mishipa ya ubongo. Karibu nusu yao tu ndio walioonyesha dalili wakiwa hai. Mwaka 2017 ukaja utafiti mkubwa wa wazee wa Marekani: ndani ya miezi 6 baada ya kugundulika na saratani, asilimia 3.0 walipata kiharusi cha kuziba, dhidi ya asilimia 1.6 ya wenzao wasio na saratani. Ulipotimia mwaka, hatari ile ya ziada ilikuwa imeshapungua na kuisha.

Umeona hapo? Miezi ya mwanzo ndiyo yenye moto zaidi. Na miezi ya mwanzo kwetu ndiyo mgonjwa anazungushwa: kipimo huku, majibu kule, waganga katikati.

Kwetu Tanzania, kuhesabu kiharusi kwa umakini kulifanyika Hai na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006. Ulikuwa utafiti wa jamii nzima, siyo wa wagonjwa wa saratani. Ulionyesha kwamba tusidhani kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu matajiri: Dar kiwango kilikuwa juu kuliko cha nchi nyingi zilizoendelea. Presha ndiyo iliyokuwa mbele. Kwa hiyo mgonjwa wetu wa saratani ana mizigo miwili, wa saratani na ule wa presha aliyokuwa nayo tangu zamani.

SEHEMU YA 5: Ziwa letu lina sura zake

Kila mahali pana saratani zake, na ufuo wa ziwa letu una historia ya pekee.

Mwaka 1957 daktari mpasuaji Denis Burkitt, akiwa Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote nne za taya. Akaanza kuwatafuta wengine, 1958 akachapisha. Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili wakapanda gari kuukuu wakazunguka karibu kilomita 16,000, kutoka Uganda, wakipita Tanganyika, mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali baada ya hospitali: mmewahi kuona mtoto kama huyu kwenye picha? Wakagundua ugonjwa unafuata nchi za joto na mvua, kama malaria inavyofuata. Upande wetu, hospitali ya Shirati mkoani Mara ikawa mahali pa utafiti. Kati ya 1977 na 1982 watoto wa Mara Kaskazini walipewa klorokwini kuona kama kupunguza malaria kutapunguza saratani hiyo. Jibu la mwisho halikupatikana, lakini uhusiano ule ulizidi kuaminika.

Kwa nini nakuletea Burkitt kwenye habari ya kiharusi? Kwa sababu saratani hiyo ikibana mishipa ya fahamu usoni, mdomo wa mtoto unaenda upande. Ikibana uti wa mgongo, miguu inalala. Wazazi wanasema amepooza, amepigwa na upepo mbaya, wanaanza kumkanda mafuta. Wakati huo huyo ni mtoto ambaye akiwahi dawa za saratani, miguu inaweza kuamka tena. Siyo kila kupooza ni kiharusi, na siyo kila kupooza ni kwa kudumu.

Sura ya pili ni kichocho. Mdudu wake aligunduliwa na Theodor Bilharz huko Cairo, 1851, na mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa hukohuko Misri wakaanza kumhusisha na saratani ya kibofu. Huku kwetu watu wanachanganya: kichocho cha ziwani kwa kiasi kikubwa ni kile cha tumbo. Kile cha mkojo, chenye kuleta saratani ya kibofu, kinapatikana zaidi bara, kwenye malambo na madimbwi ya mashamba ya mpunga. Mwaka 2013 madaktari wa Mwanza walichapisha taarifa ya wagonjwa 185 wa saratani ya kibofu wa kanda hii; 83 kati yao walikutwa na mayai ya kichocho. Wastani wa umri wao ulikuwa kama miaka 54. Hao bado wanalima, wana watoto shuleni.

Sasa hapa ndipo kazi yetu wodini inapokuwa ngumu. Mgonjwa wa kibofu anakojoa damu. Mgonjwa wa shingo ya kizazi anatokwa damu ukeni. Ndugu wanaona ndoo na pedi, wanajua huyu anaishiwa damu. Halafu daktari anakuja kusema damu yake inaganda kupita kiasi, apewe dawa ya kuifanya isigande. Ndugu wanashangaa: mnataka kumuua? Kumbe yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Sehemu yenye uvimbe inavuja, na ndani ya mishipa inaganda. Daktari anapima kama anayetembea juu ya ukuta mwembamba, na mwenye kumsaidia asianguke ni ndugu anayesema ukweli: jana ametumia pedi ngapi, mkojo leo una rangi gani.

SEHEMU YA 6: Ng'ombe waliotufundisha dawa

Wasukuma wenzangu wafugaji, hii ni yenu.

Miaka ya 1920, Kanada na kaskazini ya Marekani, ng'ombe walianza kufa kwa kutokwa damu. Unamkata pembe, damu haikomi. Ikagundulika walikuwa wamekula majani makavu ya malisho yaliyoota ukungu. Mwaka 1933 mfugaji mmoja wa Wisconsin alisafiri kwenye theluji mpaka chuo kikuu, amebeba ng'ombe aliyekufa na chombo cha damu isiyoganda. Karl Paul Link na wenzake wa maabara wakahangaika miaka kadhaa mpaka wakakitoa kitu kilichokuwa kwenye yale majani. Kutokana nacho ikaja warfarini, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948, na kuanzia 1954 ikawa dawa ya binadamu. Kabla yake, 1916, ilishapatikana heparini, ile ya sindano.

Warfarini ni nafuu, lakini inataka kupimwa damu mara kwa mara, na inagombana na vyakula na dawa nyingine. Kwa mgonjwa wa saratani anayetapika leo na kula kesho, inayumba. Mwaka 2003 utafiti wa wagonjwa wa saratani 676 waliokuwa na madonge ya miguu na mapafu ulionyesha kwamba sindano za jamii ya heparini zilizuia donge kurudi vizuri zaidi kuliko vidonge hivyo. Kwa kiharusi chenyewe cha saratani, madaktari bado hawajakubaliana dawa ipi ni bora. Wanaamua mgonjwa kwa mgonjwa. Kwa hiyo usimpe mgonjwa wako dawa aliyopewa jirani.

Historia ya dawa ina upande mwingine pia: baadhi ya tiba za saratani zenyewe zinaongeza hatari. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Chicago alionyesha kwamba saratani ya tezi dume inarudi nyuma ukiondoa korodani au ukimpa mzee homoni ya kike. Alipata Tuzo ya Nobel 1966. Mwaka uliofuata utafiti wa maveterani wa Marekani ukaonyesha kwamba wazee waliopewa dozi kubwa ya homoni hiyo walikuwa wanakufa zaidi kwa moyo na mishipa. Saratani ilikuwa imetulizwa, mishipa ikawamaliza. Dozi zikabadilishwa.

Leo sisplatini, inayotumika sana kwa shingo ya kizazi, inajulikana kuumiza mishipa. Mionzi ya shingoni inaweza kuzifanya nyembamba ateri za kwenda kichwani miaka mingi baadaye. Lakini sikiliza vizuri kabla hujamtoa mama yako wodini! Huko Taiwan walipitia mafaili ya wagonjwa 10,963 waliopewa dawa za saratani. Waliopata kiharusi cha kuziba muda mfupi baada ya dawa walikuwa wachache sana. Saratani isiyotibiwa ndiyo kiwanda cha kugandisha damu. Ukiifunga saratani, unakuwa umefunga kiwanda. Nimetaja hatari hizi ili ujue cha kuangalia mgonjwa akiwa kwenye matibabu, siyo ili umkimbize.

SEHEMU YA 7: Sasa tufanyeje

Namalizia kwa mambo ya kufanya, maana historia bila kazi ni hadithi ya usiku.

Moja. Mguu au mkono mmoja ukivimba, ukiuma, ukiwa na joto, kwa mgonjwa wa saratani, hiyo ni habari ya leo. Usisubiri kliniki ya mwezi ujao. Na nesi akikuambia "ni kawaida", muombe kwa heshima akuitie daktari. Nawaambia hivyo mimi niliyesema ni kawaida.

Mbili. Kifua kubana ghafla na pumzi kukata, usiseme ni mawazo. Huenda ni donge limefika mapafuni.

Tatu. Kiharusi kinajulikana: mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kukosa nguvu, maneno kupotea au kuchanganyika. Angalia saa, uikumbuke, tutakuuliza "alikuwa mzima mara ya mwisho saa ngapi?" Dawa ya kuyeyusha donge ina dirisha la saa 4 na nusu, haipo kila hospitali, na wagonjwa wengi wa saratani haiwafai. Lakini kuwahi kuna faida nyingine nyingi: tunapima sukari, maana sukari ikishuka inaigiza kiharusi, tunampiga picha ya CT kujua ni kuziba, kuvuja au uvimbe, tunamlinda asipaliwe.

Nne. Usimlishe, usimnyweshe, hata maji ya baraka, mpaka tupime kama anameza. Usimpe aspirini ya nyumbani. Kama ubongo unavuja utakuwa umefungua bomba. Chale na mafuta ya simba viache. Vinakula masaa.

Tano. Dawa ya presha isiachwe kwa sababu "sasa tunashughulikia saratani". Naona familia nyingi zinaweka presha pembeni kama ugonjwa mdogo. Presha haijui kwamba una saratani.

Sita. Anayesafiri kwenda matibabu anywe maji, aombe gari lisimame, atembee hatua chache, azungushe vifundo vya miguu akiwa kwenye kiti. Kama ameandikiwa sindano za kuzuia kuganda, asiruke siku.

Saba, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mgonjwa wa saratani akipata kiharusi, kabla hujamtafuta aliyemroga, mtafute daktari uulize damu yake ikoje. Tangu 1865 inajulikana kwamba saratani inaweza kufanya hivi peke yake, bila msaada wa jirani, wala mke mwenza, wala bibi mwenye macho mekundu. Kanda yetu imeshazika vikongwe wengi kwa maneno ya kikao kimoja chini ya mti. Mimi nilikuwa na nafasi ya kusimama kwenye kikao kile na kusema, "Jamani, hii ni damu iliyoganda, mguu wake ulishatuambia." Sikuwa na maneno hayo wakati ule. Wewe sasa unayo.

Kuanzia 2025, anayetoka Sengerema anapita juu ya daraja la Kigongo-Busisi, hasubiri kivuko. Yule mama angefika haraka, saa yoyote ya usiku. Kilichobaki ni sisi tunaompokea tumwamini anaposema mguu umekuwa mzito.

Mtumie mwenye mgonjwa nyumbani. Wenye maswali wekeni hapo chini, nikitoka zamu ya usiku nitajibu mmoja mmoja. Jumapili ijayo: kwa nini mgonjwa wa saratani anaishiwa damu hata asipotokwa damu.